Mazoezi Hayajatosha na Marathoni Imekaribia: Namna ya Kuamua Kama Utakimbia

Shemeji yangu anakaa Nyalenda, hapa Kisumu. Jumapili moja jioni alinipigia simu, na kabla hatujamaliza kujuliana hali nikajua ana jambo. "Shem, zimebaki wiki tatu. Ada nimelipa, namba nimepewa, kazini wote wanajua naenda. Lakini tangu nianze mazoezi sijawahi kupita kilomita 18. Niende, nisiende?"

Nikamwambia aje Jumanne na daftari lake. Mwongozo huu ni yale tuliyoyafanya jioni ile mezani, hatua kwa hatua, pamoja na niliyojifunza kwa miguu yangu mwenyewe. Maana marathoni yangu ya kwanza niliianza na mazoezi pungufu kuliko yake, na iliniishia kilomita ya 31. Nilikaa ukingoni mwa barabara nikiangalia shavu la mguu wa kulia likichezacheza lenyewe chini ya ngozi, kama ngege aliyetolewa kwenye wavu sasa hivi. Mama aliyekuwa akichoma mahindi pale kando aliniletea kigoda chake, kisha akapiga magoti kunifungua kamba za viatu, kwa sababu kuinama kulinishinda. Sikukimbia tena kwa wiki saba.

Moyo nilikuwa nao tele siku ile, na ndio ulionifikisha pale. Kwa hiyo ninaposema uamuzi huu ufanywe nyumbani, mapema, kwa kalamu na karatasi, nasema kwa kuumia.

Tena sisi huku tuna shinikizo letu. Tuko jirani na Nandi na Uasin Gishu; ukitaja marathoni mbele ya watu wa Kisumu, swali la kwanza ni utatoka namba ngapi. Kuna na ule msemo wa Eliud Kipchoge kwamba hakuna binadamu mwenye kikomo, ambao watu huutumia kujipa moyo usiku wa kuamkia mbio. Naupenda sana. Lakini aliyeusema alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 huko Paris, na marathoni yake ya kwanza akaikimbia Hamburg, Aprili 2013. Katikati hapo ni miaka kumi ya kazi. Kambini Kaptagat, wiki yake ya mazoezi ilifika kilomita 200 hivi. Wewe na mimi tunaokimbia kabla ya kwenda kazini tuutumie msemo huo kwenye mazoezi, tusiuweke badala ya mazoezi.

Hatua ya kwanza: andika wiki nane zilizopita

Chukua karatasi. Kwa kila wiki kati ya nane zilizopita andika jumla ya kilomita, mbio moja iliyokuwa ndefu kuliko zote, na idadi ya siku ulizokimbia. Andika ulichokimbia; ulichopanga kiache kwenye ratiba. Kama simu yako inahesabu, soma humo. Kama haihesabu, kumbuka kwa njia: mjini hadi Dunga na kurudi, kupanda Riat, kuzunguka Milimani mara mbili. Wiki uliyolala iandikwe sifuri.

Ya shemeji ilisomeka hivi: 22, 27, 30, 8, 0, 19, 26, 25. Ile sifuri ilikuwa wiki ya mvua kubwa, na mtoto wake alikuwa mgonjwa. Kilomita 18 alizikimbia mara moja tu.

Ratiba nyingi za wanaoanza huchukua wiki 16 hadi 20, na hupanda taratibu hadi mbio moja ya kilomita 30 au 32, wiki tatu hivi kabla ya siku yenyewe. Ukiwa pungufu ya hapo, kipimo ninachotumia ni hiki. Kama ndani ya wiki sita zilizopita umefikisha 26 au zaidi angalau mara moja, ukapita 20 mara mbili nyingine, na wiki zako kwa wastani hazishuki chini ya 35, nenda. Utateseka mwishoni, lakini mwili umeshaijua safari. Kama kilele chako, yaani mbio yako moja ndefu kuliko zote, ni kati ya 20 na 25, uko mahali pagumu, na jibu litatoka kwenye hatua zinazofuata. Chini ya 20, jibu langu kwa marathoni kamili ni hapana, hata uwe kijana, hata uwe mwembamba, hata ulikuwa ukicheza mpira shuleni.

Najua hilo huwauma watu, hivyo nieleze sababu.

Moyo na mapafu hujibu mazoezi haraka. Baada ya wiki sita pumzi imefunguka, unapanda kilima ukiongea, unajiona uko tayari. Lakini kano, maungio na mifupa hukomaa polepole, kwa miezi. Mtu mwenye wiki nane za mazoezi ana pumzi ya kumfikisha kilomita 35 na mifupa ya kumfikisha 22. Pumzi haitamwambia asimame, na mfupa ukisema umeshachelewa.

Sababu ya pili ni chakula cha misuli. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kama kilokalori 2,000 hivi. Mkimbiaji hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Piga hesabu ya mtu wa kilo 65 kwa kilomita 42: ni zaidi ya 2,700. Sehemu fulani hutoka kwenye mafuta ya mwili, lakini mafuta huwaka polepole, na mwili ambao haujafundishwa na mbio ndefu haujui kuyatumia vizuri. Ndiyo maana wengi huzima kati ya kilomita ya 30 na 35. Aliyekimbia 18 hajawahi kufika hata karibu na mahali hapo, kwa hiyo kujisikia vizuri kwake kwenye 18 hakumwambii lolote kuhusu 34.

Hapa ndipo wengi huja na wazo baya: "Basi nikimbie 32 Jumamosi hii nijipime." Kama zimebaki siku kumi, nakusihi usifanye hivyo. Faida ya zoezi moja huchukua siku kumi hadi wiki mbili kuonekana, na uchovu wake unaingia siku hiyohiyo. Utafika kwenye mstari wa kuanzia ukiwa na miguu iliyokwisha kukimbia marathoni nyingine. Wiki tatu zikibaki unaruhusiwa mbio moja ndefu ya mwisho, isiyozidi kilomita tatu au nne juu ya ile uliyowahi kufikisha.

Hatua ya pili: mambo yanayofunga mjadala

Haya hayajali umefanya mazoezi kiasi gani. Likiwepo hata moja kati ya mawili ya kwanza, hukimbii siku hiyo; mawili ya mwisho yanataka daktari au kipimo kabla hujaamua.

Malaria ndiyo ya kwanza kwetu. Ukanda huu wa Ziwa unaijua, na tumeizoea hadi tunaidharau. Dawa za malaria ya kawaida ni za siku tatu, na siku ya nne mtu anatembea mjini akisema amepona. Vimelea vimeondoka, sawa, lakini vilikuwa vikiharibu chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa kuipeleka kwenye misuli. Chembe hizo hurudi kwa wiki, si kwa siku. Kama umetibiwa malaria ndani ya wiki tatu kabla ya mbio, marathoni kamili iache. Homa yoyote nyingine, kikohozi kilichoshuka kifuani, au kuhara katika siku chache za mwisho, ni vivyo hivyo. Mafua mepesi yanayoishia puani hayazuii.

Kipimo kizuri cha nyumbani ni mapigo ya moyo. Kila asubuhi, kabla hujashuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono uhesabu kwa dakika nzima. Ukiijua namba yako ya kawaida, tuseme 62, halafu siku tatu mfululizo ukakuta 73 au 74, mwili unapigana na kitu, ama ugonjwa ama uchovu.

Pili, mfupa. Simama kwa mguu mmoja, urukeruke mara kumi papo hapo. Rudia kwa mguu mwingine. Kisha pitisha kidole gumba kwenye muundi kutoka goti kushuka, ukibonyeza. Maumivu yaliyotawanyika kwenye misuli ni ya kawaida. Lakini ukikuta mahali pamoja, padogo kama shilingi, panapokufanya uvute pumzi kila ukipagusa, au kuruka kunakuchoma mahali hapohapo, huo huenda ni mfupa ulioanza kupata ufa. Kilomita 42 zinaweza kuuvunja. Nenda ukapigwe picha.

Tatu, moyo. Kama umewahi kubanwa kifua au kuzimia ukiwa unakimbia, au kama kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa bado kijana bila sababu kujulikana, daktari akusikilize kwanza, tena akufanyie kile kipimo cha kuchora mapigo ya moyo. Ni cha dakika chache.

La nne watu hawalizungumzii, na kwetu lina uzito. Selimundu imo katika familia nyingi za Kisumu, Siaya na Homa Bay. Mwenye ugonjwa wenyewe anajijua. Lakini yupo aliyerithi upande wa mzazi mmoja tu; haumwi na pengine hajui. Mtu huyo anaweza kukimbia, na wengi hukimbia vizuri. Ila akijisukuma kupita uwezo wake, kwenye joto, maji yakiwa yamempungukia, misuli yake ina hatari kubwa zaidi ya kuvunjika na kumwaga uchafu unaoziba figo. Na kukimbia marathoni bila maandalizi ndiko kujisukuma kupita uwezo. Kama kuna ndugu yenu mwenye selimundu, pima damu ujue uko upande gani kabla ya kuamua.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya saa

Marathoni ni kilomita 42.195. Kila shindano lina muda wake wa kufunga barabara, na muda huo uko kwenye masharti ambayo wengi hulipa bila kusoma. Utafute. Kufunga kwa saa 6 maana yake ni wastani wa dakika 8 na sekunde 32 kwa kilomita, ukihesabu na kila kusimama. Kufunga kwa saa 5 ni dakika 7 na sekunde 7.

Shemeji alikimbia zile 18 kwa saa 2 na robo, yaani dakika saba na nusu kwa kilomita. Alizidisha kwenye simu akapata saa 5 na dakika 16, akatabasamu. Nikamwambia tuhesabu upya kama watu wazima. Tuseme mwendo huo unamfikisha 28, ambako ni kumi zaidi ya alikowahi kufika. Hapo ametumia dakika 210. Zilizobaki ni kilomita 14 na kidogo, na tuseme anazitembea kwa dakika 11 kila moja, ambao ni mwendo mzuri kwa miguu iliyochoka. Hizo ni dakika 156. Jumla ni saa 6 na dakika 6, na mbio zake zilikuwa zinafungwa saa 6 baada ya kuanza. Alinyamaza akaangalia ile karatasi kwa muda.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa namba zako: kilomita kumi juu ya ndefu yako kwa mwendo wako wa kawaida, zinazobaki kwa kutembea. Kisha uongeze jua. Ukianza saa moja asubuhi, saa sita za barabarani zinakutoa saa saba mchana, jua la utosi, meza za maji zimeanza kukunjwa na magari yamerudishwa barabarani. Mabingwa wanaotufanya tuone marathoni ni jambo la asubuhi wamemaliza kabla ya saa tatu na nusu.

Hatua ya nne: mbio ziko wapi

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Nakuru ni 1,850 hivi, Eldoret ni 2,100 hivi, Iten ni juu zaidi, 2,400. Aliyefanya mazoezi kando ya Ziwa akapanda kwenda kukimbia Eldoret, kila pumzi anayovuta kule ina hewa safi pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi. Mwendo wako wa dakika saba na nusu unaweza kuwa dakika nane kwa jasho lilelile. Kwa mtu aliyejiandaa hiyo ni kero. Kwa aliye pungufu ndiyo tofauti ya kumaliza na kutomaliza, na mimi kosa langu kubwa lilikuwa hapo: nilifanya mazoezi tambarare ya barabara ya Ahero nikaenda kukimbia milimani.

Anayeshuka kutoka Eldoret kuja Kisumu anapata nafuu ya hewa lakini anakutana na joto na unyevu ambao hajauzoea. Jasho halikauki, mwili haupoi. Yeye naye apunguze mwendo tangu mwanzo.

Hatua ya tano: kati ya ndiyo na hapana

Shemeji alikuwa anaona njia mbili tu, kwenda au kubaki nyumbani kwa aibu. Ziko nyingine, na ya kwanza kati yake ndiyo ninayoipenda.

Hamia nusu marathoni. Mtu wa kilomita 18 ni mtu wa kilomita 21; wiki tatu zinatosha kabisa kuziba pengo hilo. Piga simu kwa waandaaji mapema, kabla namba hazijaingizwa kwenye mashine, uulize kama wanabadilisha. Wakikataa, jiandikishe nusu nyingine iliyo karibu. Ada uliyolipa imeshakwenda na haitarudi ukikimbia au usipokimbia. Usiilipe mara ya pili kwa goti. Na ufikirie riziki yako hapo. Anayeshinda akisimama darasani, anayeendesha boda, anayebeba mizigo soko la Kibuye, wiki tano za kuchechemea kwake ni wiki tano za njaa nyumbani.

Ahirisha. Tafuta nyingine baada ya miezi minne au mitano na uendeleze hapo ulipofika. Kwa watu kazini sema ukweli: nimegundua sijakomaa, nakimbia Desemba. Watasahau kufikia Jumatano.

Au nenda kwa kukimbia na kutembea kwa mpango. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ndiye aliyeieneza njia hii kwa wanaoanza, na inafanya kazi kwa sharti moja: uanze kutembea tangu kilomita ya kwanza, ukiwa bado na nguvu. Dakika 4 za kukimbia, dakika 1 ya kutembea, hadi mwisho. Ukikimbia kwa mwendo wa dakika 7 kwa kilomita na kutembea kwa 11, wastani wako unakuwa dakika 7 na sekunde 33, na unamaliza kwa saa 5 na dakika 20 hivi. Wewe wa kilele cha kilomita 20 hadi 25, usiye na maumivu, na saa zinakuruhusu, hii ndiyo njia yako. Watu watakupita wengi mwanzoni. Waache wapite.

Shemeji alilala nalo usiku mmoja, kisha akawapigia waandaaji. Walimkubalia 21.

Ukishaamua kwenda na kamili

Wiki ya kwanza kati ya tatu zilizobaki ina ile mbio ndefu ya mwisho, na iwe kwa njia ileile utakayotumia siku ya mbio, yaani kukimbia na kutembea. Wiki ya pili punguza jumla yako ifike theluthi mbili hivi. Wiki ya mwisho ni mbio fupi mbili au tatu za dakika ishirini au thelathini, na kulala. Miguu itakuwa na hamu ya kukimbia, na utaingiwa na hofu kwamba unapoteza mazoezi. Hupotezi kitu.

Viatu visiwe vipya. Wengi wetu tunanunua raba za mtumba Kibuye, na hakuna ubaya wowote, ila kiatu cha mtumba kinahitaji kuangaliwa ndani. Bonyeza sponji ya kisigino kwa kidole gumba. Ikirudi juu mara moja, bado ina uhai. Ikibaki imebonyea au imejaa mikunjo ya pembeni, imekufa hata kama juu inang'aa. Weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma pia: kikiegemea upande mmoja, kilikuwa kimezoea mguu wa mtu mwingine.

Chakula hakihitaji maajabu. Siku mbili tatu za mwisho ongeza ugali, wali, viazi vitamu na nduma, upunguze mboga nyingi na maharagwe siku ya mwisho ili tumbo litulie. Samaki wa kukaanga wasubiri jioni baada ya mbio. Asubuhi, ukibaki muda wa saa tatu kabla ya kuanza, kula ulichowahi kula kabla ya mbio ndefu: mkate na chai, au uji.

Njiani unahitaji wanga, gramu 30 hadi 60 kila saa, kuanzia dakika ya arobaini na usisubiri kuchoka. Pakiti ya glukosi ya gramu 100 inakutosha saa mbili ikichanganywa na maji. Ndizi moja ya ukubwa wa kati ni gramu 25 hadi 27. Soda ya nusu lita ni gramu 50 hivi. Itoe gesi kwanza. Jaribu kwenye mazoezi, maana tumbo lisilozoea linakataa hadharani.

Maji kunywa unaposikia kiu. Watu wa mwendo wa polepole ndio hasa wanaokunywa kupita kiasi, kwa sababu wana muda mwingi na meza ni nyingi, na maji matupu mengi hupunguza chumvi ya damu hadi mtu anachanganyikiwa na kuanguka. Vidole vikivimba, pete ikibana, tumbo likijaa na kichwa kikiuma, acha maji, tafuta msaada.

Na usimeze diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi ya mbio. Nimeona watu wakigawiana vidonge kama peremende pale kwenye mstari. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, wakati figo ndiyo inafanya kazi ngumu kuliko siku zote, tena zinaficha maumivu ambayo yangekusimamisha.

Siku yenyewe kuna maamuzi mengine

Kukubali wiki tatu zilizopita hakukufungi. Asubuhi hiyo, hesabu mapigo, rukaruka kwa mguu mmoja, angalia kama una homa. Jibu likibadilika, vua namba.

Kisha weka mtu wako, ndugu au rafiki, mahali pawili: kilomita ya 21 na ya 30. Mpe ruhusa ya kukuangalia usoni na kukuambia toka. Yeye ataona unachechemea kabla wewe hujakiri. Mfukoni weka nauli ndani ya karatasi ya nailoni, na nyuma ya namba andika jina lako, simu ya nyumbani na ugonjwa wowote ulio nao.

Kilomita kumi za kwanza uwe unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa, umekwenda mbio mno. Kilomita ya 21 jiulize kama maumivu yamebadilisha jinsi unavyokanyaga. Uchovu unauma miguu yote miwili, na unaweza kuendelea nao ukitembea. Maumivu ya mahali pamoja, mguu mmoja, yanayozidi kila kilomita, yanakutoa. Vilevile ukisikia baridi na vipele vya baridi kwenye jua kali, ukiacha kutoka jasho, ukishindwa kujumlisha namba ndogo kichwani, simama hapo hapo, ukae kivulini, umwagiwe maji, mwite msimamizi.

Kuacha ni sehemu ya mchezo huu. Tarehe 10 Agosti 2024 Kipchoge alikuwa Paris akikimbia marathoni ya Olimpiki, dhahabu mbili zikiwa nyuma yake. Mwili ukakataa. Baada ya kilomita 30 hivi alitembea, akatoka, dunia nzima ikimwona. Ukisimama kilomita ya 27 kwenye mbio zako za kwanza, umefanya alichofanya yeye.

Ukimaliza, au ukiishia njiani

Endelea kutembea dakika kumi au kumi na tano, usiketi ghafla. Kunywa taratibu, kula kitu chenye chumvi na wanga ndani ya saa moja, badilisha nguo zilizolowa hasa kama uko Eldoret ambako upepo unageuka baridi. Ngazi zitakuuma siku tatu. Kwa wiki mbili tembea, ogelea, usikimbie, hata ukijisikia mzima.

Siku mbili za kwanza angalia mkojo kila ukienda haja. Njano iliyokolea ina maana unywe maji. Ukiona rangi ya chai ya rangi au ya Coca-Cola, au mkojo haupatikani kabisa na misuli imevimba na kuwa migumu, hiyo ni misuli iliyovunjika inapita kwenye figo. Nenda hospitali usiku huohuo, mwambie daktari umekimbia kilomita ngapi, na utaje dawa zozote ulizomeza.